Kukuza ufunguo wa siri kwa fotoni: mwongozo kamili wa BB84, kuanzia karatasi hadi faiba

Watu wawili wakitaka kuandikiana mambo ya siri, kufunga ujumbe siku hizi si kazi. Mbinu ya kufunga iitwayo AES ipo, ni ya bure, na simu uliyoshika inaitumia muda huu. Kazi ni kuufikisha ufunguo upande wa pili bila mtu wa katikati kuunakili. Kwa miaka mingi suala hilo tumelimaliza kwa hesabu: RSA, njia maarufu ya kupeana funguo, na ndugu zake wanategemea mafumbo ambayo kompyuta za kawaida hazina muda wa kuyafumbua. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya kwanta, ikipatikana kubwa ya kutosha, itayafumbua. Bado haijapatikana, ila anayerekodi mawasiliano yako leo anaweza kuyahifadhi akaisubiri.

Miaka 10 kabla ya Shor, Charles Bennett wa IBM na Gilles Brassard wa Chuo Kikuu cha Montréal walikuwa wameshawasilisha njia nyingine kwenye mkutano huko Bangalore, India. Njia hiyo inaitwa BB84, kwa herufi za majina yao na mwaka wenyewe. Haitegemei ugumu wa hesabu. Inategemea tabia ya mwanga: fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, ukiipima isivyo, umeiharibu, na huwezi kuitolea nakala ukaenda kuipima nakala pembeni. Hilo la kutonakilika lilithibitishwa mwaka 1982 na Wootters na Zurek, na Dieks kivyake.

Mwongozo huu unamfaa anayejua biti ni nini na aliyewahi kuandika mistari michache ya Python. Tutaanza na karatasi na sarafu, kisha programu, kisha vifaa halisi, na mwisho namna ya kuzungumza na muuzaji bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hatua ya 1: Jua kinachotengenezwa

Jina "kriptografia ya kwanta" huwapoteza wengi wakadhani ujumbe wenyewe unasafiri ndani ya fotoni. Hapana. Fotoni zinazaa mfuatano wa biti za nasibu ambao watu wawili wanao na wa tatu hana. Mfuatano huo ndio ufunguo. Ujumbe utafungwa baadaye kwa njia ya kawaida na kupita kwenye intaneti ya kawaida.

Unahitaji vitu vitatu. Cha kwanza ni njia ya fotoni: faiba au anga tupu. Cha pili ni njia ya mazungumzo ya kawaida, ambayo adui anaruhusiwa kusikiliza kila neno. Cha tatu, ambacho matangazo mengi hukiruka, ni siri ndogo ambayo pande mbili zimeshapeana kabla ya kuanza. Kwa hiyo BB84 inakuza siri. Inaipokea ikiwa ndogo na kuirudisha kubwa, siku baada ya siku, lakini pasipo na mbegu haioti kitu. Nitarudi kwenye mbegu hiyo katika hatua ya 7, maana hapo ndipo miradi mingi hupwaya.

Hatua ya 2: Cheza kwa karatasi

Tafuta watu watatu, baadaye wanne. Asha anatuma, Bakari anapokea, na Mwamuzi anashika kadi kwa niaba ya fotoni. Hawa, msikilizaji asiyealikwa, ataingia hatua inayofuata.

Mwanga hutikisika kwa mwelekeo fulani, na wanafizikia huita hali hiyo polaraizesheni. Fotoni inaweza kulala, kusimama wima, au kuinama nyuzi 45 kulia au kushoto. Kwa kichujio cha jumlisha (+), iliyolala ni 0 na iliyosimama ni 1. Kwa kichujio cha mara (×), iliyoinama kulia ni 0 na iliyoinama kushoto ni 1.

Kwa kila fotoni, Asha anarusha sarafu mara mbili: mara ya kwanza kupata biti, mara ya pili kupata kichujio. Anaandika vyote viwili kwenye kadi na kumpa Mwamuzi bila Bakari kuona. Bakari naye anarusha sarafu kuchagua kichujio chake na kumtajia Mwamuzi. Kama kichujio cha Bakari ni sawa na kilichoandikwa kwenye kadi, Mwamuzi anamsomea biti iliyopo. Kama ni tofauti, Mwamuzi anarusha sarafu na kumsomea hiyo, kisha anafuta kadi na kuandika kichujio cha Bakari pamoja na matokeo ya sarafu. Usiruke sehemu hiyo ya kufuta. Bila kufuta, mtachezea barua za kawaida ndani ya bahasha, na hakuna kwanta yoyote humo.

Mfano wa kadi 12:

```
Fotoni           1  2  3  4  5  6  7  8  9 10 11 12
Biti ya Asha     1  0  0  1  1  0  1  0  1  1  0  0
Kichujio Asha    +  ×  +  +  ×  ×  +  ×  +  ×  ×  +
Kichujio Bakari  +  +  +  ×  ×  +  +  ×  ×  ×  +  +
Alichosoma       1  1  0  1  1  0  1  0  0  1  1  0
```

Sasa wanapigiana simu, na Hawa asikilize akitaka. Bakari anataja vichujio vyake tu, hataji biti hata moja. Asha anajibu: "Zimelingana ya 1, 3, 5, 7, 8, 10 na 12." Zilizobaki zote wanazitupa. Kila mmoja amebaki na 1011010. Angalia fotoni ya 4: Bakari alisoma 1 na Asha alituma 1, lakini vichujio vilitofautiana, kwa hiyo kufanana huko ni bahati ya sarafu na inatupwa vilevile. Wanaoanza hupenda kuiokoa. Iacheni iende.

Kwa wastani nusu ya kadi hutupwa. Hapa zimepona 7 kati ya 12, na ndivyo ilivyo kwa idadi ndogo.

Kuna sharti moja la mpangilio: vichujio vitajwe baada ya Bakari kuzipokea fotoni zote. Vikitajwa mapema, Hawa atasoma kila kitu kwa kichujio sahihi na hakuna atakayejua.

Hatua ya 3: Mlete Hawa

Hawa anakaa kati ya Asha na Bakari. Kila kadi ikipita, anachagua kichujio kwa sarafu, anamtajia Mwamuzi, anasomewa biti, na kadi inasonga kwa Bakari. Mwamuzi anafuata sheria ileile: Hawa akikosea kichujio, kadi inafutwa na kuandikwa upya.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha anavyonaswa. Chukua kadi ambazo Asha na Bakari walichagua kichujio kimoja, yaani zile zitakazobaki. Nusu yake Hawa amekosea kichujio. Katika nusu hiyo kadi imeshaharibika, na Bakari anapata sarafu tupu, inayokosea nusu ya wakati. Nusu ya nusu ni robo. Ukiwa na Hawa anayesoma kila fotoni, asilimia 25 ya biti ambazo zilipaswa kufanana hazitafanana.

Chezeni kadi 40 bila Hawa na 40 akiwa naye. Msishangae mkipata asilimia 15 au 35 badala ya 25, kwani kadi 40 ni chache mno. Ndiyo sababu tunahamia kwenye kompyuta.

Hatua ya 4: Programu ya mistari michache

Huhitaji maktaba kubwa za kwanta kama Qiskit kwa kazi hii. Sheria ya Mwamuzi inaingia kwenye kazi moja ndogo:

```
import secrets

def sarafu():
    return secrets.randbelow(2)

def pima(biti, k_fotoni, k_yangu):
    if k_fotoni == k_yangu:
        return biti
    return sarafu()

N = 20000
hawa_yupo = True
zilizobaki = 0
makosa = 0

for i in range(N):
    a_biti, a_k = sarafu(), sarafu()
    biti, k = a_biti, a_k
    if hawa_yupo:
        h_k = sarafu()
        biti = pima(biti, k, h_k)
        k = h_k
    b_k = sarafu()
    b_biti = pima(biti, k, b_k)
    if a_k == b_k:
        zilizobaki += 1
        if a_biti != b_biti:
            makosa += 1

print(zilizobaki, makosa / zilizobaki)
```

Ukiiendesha, utaona zilizobaki zikikaribia 10,000 na kiwango cha makosa kikikaribia 0.25. Badilisha `hawa_yupo` iwe `False`, kiwango kinashuka hadi sifuri kamili. Nimetumia `secrets` badala ya `random` kwa makusudi. Kwa jaribio hili haileti tofauti, lakini kwenye ufunguo halisi nasibu mbovu inaua kila kitu kimyakimya, kwa hiyo ni vema mkono uzoee mapema.

Kisha mfanye Hawa awe mjanja: asome fotoni moja tu katika kila 10. Makosa yatakuwa kama asilimia 2.5. Hapo mambo yanaanza kuwa magumu, maana faiba halisi nayo ina makosa ya asilimia 1 hadi kadhaa hata bila mtu yeyote kuigusa. Utajuaje kama ni Hawa au ni kifaa? Huwezi kujua, na BB84 haijaribu kujua. Inahesabu makosa yote kuwa ni ya Hawa, halafu inakata ufunguo kwa kiasi cha kumwacha mikono mitupu. Hatua mbili zijazo zinahusu ukataji huo.

Hatua ya 5: Pima makosa, kisha sahihisha

Kwanza chagueni kwa nasibu baadhi ya biti zilizobaki, mzitaje hadharani, mhesabu zisizofanana, kisha mzitupe kwa kuwa dunia nzima imeshazisikia. Hawa anayesoma kila fotoni ana nafasi ya robo tatu ya kutoonekana katika kila biti inayokaguliwa. Mkikagua biti 20, nafasi ya kutoonekana kabisa ni kama 3 kwa 1,000. Mkikagua 100, ni chini ya moja kwa trilioni.

Kama kiwango cha makosa kimepita asilimia 11, simamisheni kazi na mtupe kila kitu. Kikomo hicho kinatokana na uthibitisho uliochapishwa na Peter Shor na John Preskill mwaka 2000. Kipo kwenye hesabu, wala si tahadhari ya muuzaji, na msikubali kifaa kinachokuruhusu "kukilegeza kidogo".

Kikiwa chini ya hapo, funguo mbili zinafanana kwa sehemu kubwa na zina madoa machache. Kuyatafuta madoa bila kutaja biti zenyewe hufanywa kwa kuhesabu moja: je, idadi ya 1 kwenye fungu ni shufwa au witiri? Tazama fungu hili la biti 8:

```
Asha    1 0 1 1  0 1 0 0
Bakari  1 0 1 1  0 0 0 0
```

Asha ana 1 nne, anasema "shufwa". Bakari ana tatu: witiri. Kosa lipo. Wanakata katikati. Nusu ya kwanza wote wana tatu, witiri kwa witiri, kwa hiyo kosa limo nusu ya pili. Wanakata tena: kwenye biti mbili za mwanzo za nusu hiyo, Asha ana witiri (0 1) na Bakari ana shufwa (0 0). Biti ya 5 wanaitaja: 0 na 0, sawa. Basi kosa ni biti ya 6, na Bakari anaigeuza.

Hesabu walichokitaja Asha na Bakari kwenye simu: fungu zima, nusu, robo, biti moja. Taarifa nne, na Hawa amezisikia zote nne. Ziandikeni pembeni kama deni, litalipwa hatua ya 6.

Fungu lenye makosa mawili hujificha, kwa kuwa shufwa hubaki shufwa. Dawa yake ni kuzichanganya biti upya, kuongeza ukubwa wa mafungu na kurudia. Brassard na Louis Salvail waliupanga mtindo huo vizuri mwaka 1994 wakauita Cascade. Kosa linalofichuliwa kwenye duru ya pili hurudisha nyuma na kufichua mwenzake wa duru ya kwanza.

Hatua ya 6: Kamua hadi Hawa abaki bila kitu

Sasa funguo zinafanana kabisa, lakini Hawa huenda anajua sehemu yake. Tiba ni kuufupisha ufunguo kwa namna inayochanganya kila biti na nyingine nyingi. Chukua mfano mdogo kabisa: Hawa anajua biti ya 3 lakini hajui ya 8. Mkizifuta zote mbili na kuweka mahali pake jumla yao (shufwa iwe 0, witiri iwe 1), alichokuwa anakijua hakina thamani tena.

Kwenye vifaa halisi hutumika tebo la Toeplitz, yaani jedwali la biti ambalo kila mstari wa mshazari una biti ileile. Ufunguo wa biti 10,000 unazidishwa na tebo hilo kutoa biti 6,000. Tebo lenyewe huchaguliwa kwa nasibu na kutajwa hadharani, bora litajwe baada ya fotoni kupita. Uzuri wake ni kwamba kulieleza tebo zima kunahitaji biti 15,999 tu badala ya milioni 60.

Mtabaki na ngapi? Katika hali bora, sehemu inayobaki ni 1 − 2h(Q), ambapo Q ni kiwango cha makosa na h ni entropia ya Shannon, yaani kipimo cha mashaka yaliyomo kwenye biti. h moja inalipa deni la kusahihisha, ya pili inalipa kinachodhaniwa kuwa mikononi mwa Hawa. Kwa biti 10,000 zilizobaki baada ya ukaguzi:

- makosa asilimia 3: kama biti 6,100
- makosa asilimia 5: kama 4,270
- makosa asilimia 8: kama 1,960
- makosa asilimia 11: hakuna kitu

Orodha hii ibandikeni ukutani pale kwenye chumba cha vifaa. Kutoka asilimia 3 kwenda 8 kunakula theluthi mbili ya mavuno yenu, na mara nyingi tofauti hiyo ni kiunganishi chenye vumbi au kigunduzi (kifaa kinachonasa fotoni) kilichopata joto. Kwa kweli mtapata pungufu ya hapo, kwa kuwa usahihishaji haufiki ukamilifu wa Shannon na mafungu mafupi hutozwa zaidi.

Hatua ya 7: Mbegu

Tulisema Hawa anaruhusiwa kusikiliza simu. Hakuna popote tuliposema anaruhusiwa kuongea. Akiweza kuongea, anakata faiba katikati, anacheza BB84 na Asha akijifanya Bakari, kisha anacheza nyingine na Bakari akijifanya Asha. Makosa yatakuwa sifuri pande zote, taa zote zitawaka kijani, na atakuwa na funguo zote mbili.

Kwa hiyo kila ujumbe wa mazungumzo ya kawaida lazima uwe na muhuri unaothibitisha umetoka kwa nani. Wegman na Carter walichapisha mwaka 1981 muhuri ambao hauvunjiki hata kwa kompyuta isiyo na kikomo, ila unahitaji siri fupi ya pamoja. Siku ya kwanza siri hiyo inapelekwa kwa mkono: mtu anayeaminika, kadi ndani ya bahasha iliyofungwa, saini mbili. Kuanzia hapo, kila duru mnatenga sehemu ndogo ya ufunguo mpya kuwa mbegu ya duru inayofuata.

Kuna wanaotumia saini za kidijitali badala ya siri ya mkono. Inakubalika, mradi saini hizo zisiwe za RSA, maana mtakuwa mmerudi mlikotoka. Kitu kimoja kinasaidia: saini inatakiwa kusimama kwa dakika chache za duru ile tu. Ikivunjwa miaka 20 baadaye, ufunguo uliokwisha zaliwa hauathiriki.

Hatua ya 8: Nenda kwenye faiba, na ujue umbali utakavyokutesa

Jaribio la kwanza lilifanyika mwaka 1989 kwenye maabara ya IBM, mwanga ukipita hewani kwa kama sentimita 30. Brassard mwenyewe amesimulia kwamba vifaa vya umeme vya kugeuza mwelekeo wa fotoni vilitoa kelele tofauti kwa kila mwelekeo, kwa hiyo usiri wake ulikuwa imara dhidi ya Hawa yeyote aliye kiziwi. Chekeni, lakini mkumbuke kisa hicho mkifika hatua ya 9.

Faiba nzuri kwenye mwanga wa nanomita 1550 hupoteza desibeli 0.2 kwa kilomita. Kilomita 50 inafikisha fotoni 1 kati ya 10. Kilomita 100, moja kati ya 100. Kilomita 200, ambazo ni kama barabara ya Dar es Salaam hadi Morogoro, moja kati ya 10,000. Kwa kilomita 500, hata kama kifaa kinarusha fotoni bilioni 1 kwa sekunde, utangoja kama sekunde 10 ili ifike moja. Vigunduzi navyo hulia vyenyewe mara chache bila fotoni yoyote. Umbali ukizidi, milio hiyo ya uongo inazidi fotoni za kweli, makosa yanapanda kuelekea asilimia 11, na ufunguo unakoma ghafla.

Kwa kawaida mawasiliano ya mbali hutumia vikuza mwanga njiani. Hapa havifai, kwa kuwa kikuza mwanga hujaribu kunakili fotoni, jambo ambalo uthibitisho wa mwaka 1982 ulionyesha haliwezekani. Swali la kwanza kwa kampuni ya faiba liwe: kuna kikuza chochote kati ya ncha hizi mbili? Pili, ombeni kipimo cha OTDR (kifaa kinachoonyesha mwanga unapotea wapi na kiasi gani) cha uzi huohuo mtakaopewa, si wastani wa mtandao. Tatu, ulizeni kama uzi utakuwa wenu peke yenu. Mwanga mzito wa data za wengine kwenye uzi mmoja unamwaga fotoni za kelele kwenye njia yenu.

Faiba pia huuzungusha mwelekeo wa mwanga kadiri joto na mitikisiko inavyobadilika, ndiyo maana vifaa vingi vya faiba huandika biti kwenye muda au awamu ya mpigo wa mwanga badala ya mwelekeo. Hesabu ya hatua zilizotangulia haibadiliki.

Kwa safari ndefu kuna njia kuu tatu. China iliunganisha Beijing na Shanghai, zaidi ya kilomita 2,000, kwa vituo 32 vya njiani, na kila kituo hufungua ufunguo na kuufunga upya, kwa hiyo kila kituo ni lazima kilindwe kama benki. Njia ya pili ni setilaiti: Micius ilirushwa Agosti 2016, na mwaka uliofuata Beijing na Vienna zikapiga simu ya video kwa ufunguo uliopitia kwake. Hivi karibuni setilaiti ndogo Jinan-1 ilipeana ufunguo na Stellenbosch, Afrika Kusini, umbali wa kilomita 12,900 kutoka Beijing, habari iliyotangazwa Machi 2025. Setilaiti hizo nazo huzijua funguo zinazopita, yaani ni vituo vya kuaminiwa vilivyo angani. Ya tatu ni mbinu ya mapacha (twin-field), ambapo pande zote mbili hurusha mwanga ukutane katikati; ilipendekezwa mwaka 2018, na maabara imeshaivusha kilomita 1,000 za faiba, kwa kasi ndogo sana.

Hatua ya 9: Ziba mashimo ya vifaa

Uthibitisho wa BB84 unahusu fotoni moja moja. Leza ya kawaida haitoi fotoni moja moja. Ukiipunguza hadi wastani wa 0.1 kwa mpigo, katika mipigo 1,000 kama 905 ni mitupu, 90 ina fotoni moja, na 5 ina mbili au zaidi. Kwenye hiyo mitano Hawa anaiba fotoni moja, anaitunza, anasubiri vichujio vitajwe, na anasoma bila kuacha alama. Tiba ni mipigo ya chambo: Asha anachanganya kwa nasibu mipigo ya nguvu tofauti, kisha mnalinganisha ngapi zilifika kwa kila nguvu. Hawa hawezi kuchagua mipigo yenye fotoni nyingi bila kuuvuruga uwiano huo. Hwang alilitoa wazo hilo mwaka 2003, na siku hizi kifaa kisicho na chambo hakifai kununuliwa.

Upande wa Bakari ni mbaya zaidi. Mwaka 2010 Vadim Makarov na wenzake, waliokuwa Trondheim, Norway, walionyesha kwamba vigunduzi vya vifaa viwili vilivyokuwa vikiuzwa vingeweza kupofushwa kwa mwanga mkali, kisha Hawa akaviamuru vilie anavyotaka. Makosa hayapandi. Tangu mwaka 2012 upo mpangilio ambao vigunduzi vyote vinawekwa katikati, mikononi mwa yeyote, hata Hawa, na ufunguo unabaki salama. Ni wa gharama zaidi. Kama hamuuwezi, angalau muulize kifaa kinapimaje mwanga unaoingia na kinafanya nini ukizidi.

Hatua ya 10: Peleka ufunguo kazini

Pedi ya matumizi ya mara moja, ambayo Shannon alithibitisha mwaka 1949 kuwa haivunjiki, inakula biti 1 ya ufunguo kwa kila biti 1 ya ujumbe. Kifaa kinachotoa biti 1,000 kwa sekunde hakitoshi hata simu ya sauti. Wengi hutumia funguo kwa AES ya biti 256, ambapo kasi hiyohiyo inatoa funguo karibu 4 kwa sekunde, nyingi kuliko mtakavyohitaji.

Vifaa vya kisasa hutoa funguo kwa kiwango cha ETSI GS QKD 014, cha shirika la viwango vya mawasiliano la Ulaya. Programu ya Asha inaomba ufunguo kwenye kifaa chake na kupewa ufunguo pamoja na namba yake. Inaituma namba tu kwa programu ya Bakari, ambayo inaomba ufunguo wa namba hiyo kwenye kifaa cha upande wake. Ukaribu kati ya kifaa na programu ni wa lazima: viwe chumba kimoja, kabati moja. Ukiurusha ufunguo kwa waya wa kawaida kutoka ghorofa ya chini hadi ya tano, fotoni zako zimefanya kazi bure.

Hatua ya 11: Kabla ya kulipa

Maoni yangu ni haya: taasisi nyingi zinazouliza kuhusu BB84 zinatakiwa kuanza kwingine. Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vya kriptografia inayohimili kompyuta ya kwanta, kikiwemo ML-KEM cha kubadilishana funguo. Ni programu tu, inafanya kazi kwenye simu, na haijali umbali. Mamlaka za usalama wa mitandao za Uingereza, Ufaransa na Ujerumani zimeshasema hadharani kwamba hiyo ndiyo njia ya kutangulizwa. BB84 ina nafasi pale ambapo siri inapaswa kudumu miongo kadhaa, ncha ni mbili au tatu zinazojulikana, umbali hauzidi kilomita 100 hivi, na kuna pesa ya kuitunza. Kiungo cha namna hiyo kilitumika Durban wakati wa Kombe la Dunia la 2010, kati ya uwanja wa Moses Mabhida na kituo cha uendeshaji. Na hata hapo, changanyeni ufunguo wa fotoni na wa ML-KEM, ili anayetaka kuingia alazimike kuvunja vyote viwili.

Mkishaamua, andikeni kabla ya siku ya kuwasha kitakachotokea funguo zikikauka. Hawa asiyeweza kusoma bado anaweza kukata waya, na mchimba mtaro asiye na nia mbaya anaweza kufanya hivyohivyo. Wekeni akiba ya funguo ya saa kadhaa. Taja nani anapigiwa simu makosa yakipita asilimia 5, na aanze na kukagua joto la chumba na viunganishi kabla ya kumshuku mtu. Akiba ikiisha, mfumo ama usimame ama uendelee kwa ML-KEM peke yake. Uamuzi huo uwe na saini ya mkuu wa idara, usiachiwe fundi wa zamu saa nane za usiku.